Shika, Haina Kitu

Mwanangu Chebet,

Naandika haraka kabla mama yako hajarudi ndani, kwa hivyo usicheke mwandiko. Siku zote umeucheka mwandiko wangu ukisema kuku amepita kwenye karatasi na matope miguuni, na leo una haki zaidi. Mama yako yuko nje anakamua. Wewe umelala chumbani, mkono wa kulia umefungwa bendeji, na tangu utoke zahanati hujanisemesha. Na mama yako unaongea, nimekusikia ukimwomba maziwa. Mimi nikiingia, unageukia ukuta.

Neno la mwisho uliloniambia ni lile la zahanati, muuguzi akikupaka dawa kwenye vidole. Ulisema, "Baba, ulisema haina kitu." Hukulia. Ungelia, ningejua la kufanya, ningekubembeleza kama zamani. Uliniangalia tu, ukaangalia pembeni.

Kesho asubuhi unaenda Nakuru, chuo cha ufundi, kusomea stima, ufundi wa umeme, kazi ya baba yako. Mambo ya blanketi na sufuria, na ya kutoazima watu sabuni, mama yako ameshakwambia yote, na mengine ataendelea kukwambia hadi gari liondoke. Mimi nina jambo moja tu. Nilikufundisha uongo, Chebet. Sikujua kwamba ni uongo, nimejua leo uliposhika ule waya. Siwezi kukuacha uende nao Nakuru, ukaufanyie kazi huko, ukaufundishe na wengine.

Hukuona yote yaliyotokea, kwa sababu wewe ndiye uliyeanguka. Wacha nikueleze, labda na mimi nitaamini. Mpaka saa hii bado siamini.

Unajua desturi yetu pale kwenye kiwanda cha chai. Mtoto wa mfanyakazi akienda mbali analetwa kuaga, na Mama Akinyi anamruhusu auendeshe mkanda wa chumba cha kuchachusha. Tunaita kupewa mwendo. Mama Akinyi alitoka kwao kando ya ziwa kabla wewe hujazaliwa, na pua yake ndiyo saa ya kiwanda kile. Majani yaliyosagwa yanapita mbele yake kwenye mkanda, yeye anayanusa, akiona bado anazungusha kitufe kushoto ili mkanda upunguze mwendo, akiona yameiva anazungusha kulia. Kitufe chenyewe kiko kwenye kisanduku cha plastiki karibu na kiti chake. Umekijua tangu ukiwa mdogo, na ulikuwa ukiniuliza zamu yako itafika lini. Leo ilifika.

Ulivua viatu mlangoni, vile vipya ambavyo mama yako alivitafuta hadi soko la Chebunyo. Viatu vya nje haviingii chumba kile. Ulitafuta gamboti kwenye rafu ukakosa, maana mvua imeleta majani mengi na vibarua wengi wa kuzivaa. Ukaingia miguu mitupu kwenye sakafu ya simiti iliyokuwa imetoka tu kuoshwa. Halafu ukanawa mikono, kama ubao wa ukutani unavyoamuru, na hukupata kitambaa cha kujipangusia. Nataka hili ulisome vizuri: hakuna kosa ulilofanya. Ulifuata kila sheria ya chumba kile.

Ungezungusha kitufe, tungepiga makofi, tungerudi nyumbani kunywa mursik, maziwa yetu ya mgando. Lakini baba yako unamjua, hawezi kuona watu wamekusanyika asiwaonyeshe kitu. Nilitaka wote wajue binti yangu si wa kuzungusha kitufe tu. Nikatoa bisibisi mfukoni, nikafungua kisanduku, nikasema, "Chebet, ambia Mama Akinyi hizi waya ni za nini."

Ukaeleza bila kusita. Ukasema kitufe kikizungushwa kinatuma volti kidogo, kuanzia sifuri mpaka kumi, zinapita kwenye zile waya nyembamba hadi kwa draivu iliyo chumba cha pili nyuma ya ukuta. Draivu ndilo lile kabati linaloipa mota ya mkanda stima ya DC, na linaangalia zile volti kidogo ili lijue mota iende kasi gani. Mama Akinyi akapiga kofi moja, akasema, "Ai! Huyu sasa ni injinia kabisa, Baba Chebet, wewe jitayarishe kustaafu." Kifua kikanijaa. Nikaona waya wa katikati umelegea kwenye skrubu, nikakwambia uushike uone.

Wewe ukaniuliza, "Umezima, Baba?"

Na mimi nikacheka. Chebet, hicho kicheko ndicho kinachonisumbua kuliko kitu kingine chochote. Nilicheka na watu wakacheka kwa sababu nilicheka. Nikasema, "Kuzima nini? Hiyo ni volti kumi. Shika, haina kitu."

Ukashika.

Hukupiga kelele, na hilo ndilo lililonidanganya. Nilidhani anayepigwa na stima hulia. Wewe ulinyamaza, meno yakabana, mkono ukakakamaa, na mimi nikadhani unanifanyia mzaha. Nilidhani unaigiza! Nilikuwa hata natabasamu. Mimi, fundi wa stima wa kiwanda kizima, nilisimama mbele ya mtoto wangu akiuawa na waya niliomwambia ashike, nikatabasamu.

Aliyekuokoa ni Mama Akinyi. Alichukua ile reki ya mbao anayosawazishia majani, akakupiga nayo kwenye mkono kwa nguvu zake zote, ukauachia waya ukaanguka. Huo uvimbe wa juu ya kiwiko si wa stima, ni wake, na umshukuru. Kisha akanigeukia mimi akapiga kelele, "Zima! Unaangalia nini? Zima, mtoto anakufa!" Ndipo nikakimbia.

Muuguzi alipousikiliza moyo wako na kusema unaenda sawa, na mama yako alipofika, nilikuacha naye nikarudi kiwandani. Labda ulidhani nimekimbia aibu. Nilienda na mita yangu. Sikuweza kukaa bila kujua ni nini kilichokupiga.

Niliwasha tena, nikapima kama nilivyopima siku zote, ncha moja kwenye waya huu, nyingine kwenye waya ule. Kumi. Mama Akinyi alikuwa amesimama nyuma yangu na ile reki, hajaiweka chini. Akauliza, "Kama ni kumi, mtoto amepigwa na nini?"

Nikaiweka mita kwenye kipimo cha juu, nikaacha ncha moja kwenye waya, nyingine nikaigusisha kwenye bomba la chuma linaloingia sakafuni. Sijawahi kufanya hivyo tangu niajiriwe. Mshale uliruka, Chebet. Uliruka ukaenda karibu na pale unapofika nikipima soketi ya ukutani. Nilitoa ncha nikarudisha, nikatoa nikarudisha. Mama Akinyi akasema tu, "Yesu." Nilikaa chini kwenye ile sakafu yenye maji.

Nikueleze sasa vile ilivyo, vile nilivyopaswa kukueleza ukiwa mdogo. Siku zote nimekwambia stima ndogo ni ndama, haigongi. Ukiwa na miaka michache nilikupa ulambe betri ya redio, ukashtuka, ukacheka, ukaomba tena, na nikawaita majirani waje waone msichana asiyeogopa stima. Ndama ni ndama, ni kweli. Lakini ndama wetu wa pale kiwandani alikuwa amefungwa kamba moja na fahali. Ndani ya draivu, zile volti kumi zimeegemea stima kubwa ya mota. Kati ya waya na waya ni kumi tu. Kati ya waya na sakafu uliyosimama, ni fahali mzima. Na mimi miaka yote nilipima ndama kwa ndama.

Wenye kutengeneza draivu wanajua hivyo. Ndiyo maana yule bwana aliyekuja kuifunga, alikuja na kadi ndogo ya kijani akaiweka katikati, kati ya waya za kitufe na draivu. Akaniambia, "Hii ni ukuta. Usiitoe." Ndani ya ile kadi kuna taa ndogo upande mmoja na kajicho upande wa pili, na katikati hakuna waya unaovuka. Kitufe kikisema kitu, ile taa inawaka zaidi au kidogo, kajicho kanaona, kanaambia draivu. Habari inapita, stima haipiti. Nilielewa vizuri sana namna inavyofanya kazi. Kitu ambacho sikuelewa ni kwa nini iko pale. Nilidhani inailinda draivu isiharibiwe na sisi watu wa kushika ovyo ovyo. Kumbe inatulinda sisi.

Radi ikaiunguza, unakumbuka ile mvua ya mawe iliyochana majani chai mpaka kilimani kwetu. Mkanda ukakataa kutii kitufe. Spea ilikuwa itoke ng'ambo, na malori ya majani yalikuwa yamepanga foleni hadi barabarani. Majani mabichi hayangoji, yakirundikwa yanapata moto yanaoza, na kati yake yalikuwemo ya mama yako. Nikachukua vipande vya waya nikaruka ile kadi, nikaunganisha kitufe na draivu moja kwa moja. Mkanda ukatembea. Meneja alinishika bega mbele ya watu. Wazee walioleta majani pale getini walinipigia makofi. Jioni ile nilikuja nyumbani nikakusimulia, na wewe ukasema, "Baba, kwa nini basi waliiweka?" Nikakwambia wazungu wanapenda kuuza vitu vingi. Ukacheka. Tukacheka wote, na ile spea haikuulizwa tena.

Angalia sasa, hilo ni swali la pili ulilouliza nikalicheka.

Unajua kwa nini sikuwahi kupigwa? Nimeushika ule waya mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na nilijivuna kwa hilo. Leo nimekaa kwenye ile sakafu nikaangalia miguu yangu. Gamboti. Kila siku ya kazi nimekuwa ndani ya gamboti, raba nene. Mama Akinyi pia, na wote wa chumba kile. Fahali alikuwa hapo siku zote, kimekosekana tu kitu cha kumfikisha ardhini, mpaka alipokuja mtoto wangu na miguu mitupu na mikono safi. Nilidhani ni ujuzi wangu, kumbe ni viatu vya kampuni. Ningekuwa nimevivua siku moja tu ningelijua hilo, na labda ungekuwa umeachwa bila baba, lakini huu mkono wako ungekuwa mzima.

Wenzangu wamekuja hapa nyumbani kutupa pole, umewasikia sebuleni. Kila mmoja amesema, "Ajali haina kinga, Baba Chebet." Wa mwisho nilimfokea, mama yako akanivuta shati. Lakini ningevumilia vipi? Hii ilikuwa na kinga! Ilikuwa na kinga ya kijani, ndogo kama kipande cha sabuni, na ni mimi niliyeiruka kwa mkono wangu nikapigiwa makofi. Sitaki kuambiwa haina kinga.

Na ile methali nyingine mliyoimba shuleni, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe ulilisikia la mkuu, tena ulilisikia mara moja, bila ubishi, kama tulivyokulea. Ndilo lililokaribia kukuzika. Nimewaza sana juu ya hilo leo. Ulipokuwa kidato cha pili ulikataa kufungua pasi ya mama yako kabla ya kuhakikisha imechomolewa, nikakuita mwoga mbele ya binamu zako wa Sigor. Ulifungua. Ulikuwa na macho ya hasira lakini ulifungua, na baada ya hapo hukukataa tena kitu chochote nilichokwambia ushike. Nilidhani nimekufundisha ujasiri. Nilikuwa nimekufundisha kuniamini mimi kuliko unavyoamini akili yako, na leo akili yako ilijaribu mara moja ya mwisho. "Umezima, Baba?" Lilikuwa swali la fundi kamili. Katika chumba kile chote fundi alikuwa mmoja, na hakuwa mimi.

Huko Nakuru utakutana na watu wenye vyeti kunishinda, wengine wazuri, wengine wenye kucheka. Wakikucheka ukiuliza kama wamezima, waache wacheke hadi wachoke, halafu uulize tena. Na mtu akikwambia waya huu una volti kumi, muulize, kumi kati ya huo na nini? Mimi sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote, na sikujiuliza mwenyewe.

Sasa nikwambie nilichofanya, maana mama yako bado hajui na nitamwambia nikimaliza barua hii. Nilizima draivu, nikafungua kabati, nikachukua plaisi nikakata vile vipande vyangu vyote. Mkanda ukasimama. Meneja akaja mbio. Malori yalikuwa getini, mvua inanyesha, na yeye si mtu mbaya, ana wakubwa wake pia. Akasema, "Rudisha tu leo, tuweke gamboti lazima, kadi tutaagiza." Nikamwambia sirudishi. Akaniuliza kama najua ninachosema. Nikamwambia afadhali aandike barua ya kunifukuza, mimi nitaisoma nikiwa nimekaa, lakini ule waya sirudishi. Sijawahi kumjibu hivyo mtu mkubwa. Nilisikia sauti yangu nikashangaa ni ya nani.

Mama Akinyi ndiye aliyetutoa hapo. Akasema, "Si hiyo draivu iko na kitufe yake huko ndani? Baba Chebet akae huko. Mimi nitamwitia."

Ni kweli, kabati lenyewe lina kitufe chake mlangoni, kiko salama, chuma chote kimepelekewa waya wa ardhini. Nimepima hapo pia, mpaka sakafuni, mara nyingi. Shida ni kwamba kiko nyuma ya ukuta, na anayekizungusha haoni majani wala hasikii harufu. Basi leo alasiri nimekuwa nyuma ya ule ukuta, na Mama Akinyi upande wake anapiga kelele, "Punguza! Kidogo! Nimesema kidogo, wewe unafunga breki ama?" Na mimi nazungusha. Chai imetoka vizuri. Watu wanapita wakicheka fundi mkuu anavyotumwa kama mtoto wa dukani. Kadi ya kijani imeagizwa hatimaye, na mpaka ifike, hiyo ndiyo kazi yangu.

Nikiwa pale nyuma ya ukuta ndipo nilipoona kwamba sisi wawili, mimi na Mama Akinyi, tumekuwa ile kadi. Sauti yake inavuka, mkono wangu unatii, na hakuna kinachoweza kupita kikamuua mtu. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia, Chebet. Ni heri ukuta ulikuwapo.

Sikuombi uniambie yameisha. Hayajaisha kwangu, sijui yataishaje kwako. Muuguzi amesema vidole vitapona, kovu litabaki. Utakuwa ukishika kalamu na bisibisi na kuliona, na utanikumbuka, na sitaweza kuchagua unikumbuke vipi. Naogopa hilo kuliko nilivyomwogopa meneja. Naogopa pia kwamba utafika Nakuru uogope kila waya, uiache kazi unayoipenda kwa sababu yangu. Ukiiacha, iache kwa sababu zako. Lakini nakuomba usiiache. Wewe uliuliza kabla ya kushika, na anayeuliza kabla ya kushika huishi muda mrefu katika kazi hii.

Mama yako amemaliza kukamua, nasikia ndoo. Nitaipitisha barua hii chini ya mlango wako, kwa kuwa nikiingia utageuka tena, na una haki ya kugeuka.

Kesho nitakusindikiza hadi stejini ukapande gari, hata kama tutatembea kimya njia nzima. Unanijua, mvua hii ningekuja na gamboti. Nimeziacha kiwandani. Nitakuja na vile viatu vyangu vya kanisani, vilivyotoboka chini, vinavyopitisha maji yote. Tukifika, niambie chochote kilicho moyoni mwako, kama kilivyo, hata kama kitanipiga. Nataka kinifikie.

Baba yako